Wateja wa Siku ya Basi

Wiki iliyopita mmenitukana. Mmoja alinitumia ujumbe akasema mwanamke mzima anayehama mji kwa maneno ya redioni anastahili yote yaliyompata. Mwingine akaniuliza kama macho yangu ni ya pambo. Nimeyasoma yote, nimeyameza, na leo nawapa sababu nyingine ya kunitukana, maana niliyowasimulia mpaka sasa yalikuwa ni salamu tu.

Kwa aliyeliokota gazeti hili leo akiwa anasubiri zamu yake kwa kinyozi, mambo yalikuwa hivi. Nilikuwa na saluni yangu ndogo katika mji niliozaliwa, na wateja wa kunitosha. Mume wangu, ambaye ni fundi umeme, akasikia redioni habari za eneo jipya. Barabara pana, hewa safi, maji bombani, kodi nafuu, kiwanda kikubwa kiko njiani. "Eneo bora kwa biashara na makazi," walisema, kwa ile sauti laini ya kuuzia sabuni. Tukapanda basi la bure la wageni, tukaenda kutazama.

Tulikuta safu ya maduka imefurika watu. Buchani foleni, duka la dawa foleni, na kwenye saluni yao hata pa kukanyaga hapakuwa. Mwenye saluni, mama mmoja mcheshi, aliniambia anahamia kwa wanawe na yuko tayari kuniachia chumba na kila kilichomo. Siku ile ile tukamalizana. Yule mama alinikumbatia akalia machozi ya kweli, akasema ameomba apate mtu kama mimi. Nami nikalia naye, mjinga mie.

Kesho yake baada ya kuhamia, nilifungua mlango nikakaa. Nikakaa mpaka jioni. Hakuna cha mteja wala jamaa yake mteja. Zile nyumba nzuri zilizoonekana kwa mbali zilikuwa kuta tupu, majani yameota sebuleni. Bomba lilikoroma tu kama mgonjwa. Na watu wale wote niliowaona siku ya kwanza, sijui ardhi iliwameza?

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa sikieni.

Asubuhi moja aliingia mwenye duka la dawa. Pale safuni tunamwita Nesi, ingawa uuguzi aliuacha zamani. Ni mwanamke mrefu, mkavu, anayeongea kama anakuandikia dozi. Nilimkaribisha kiti, hakuketi.

"Kesho siku ya basi," alisema.

"Basi gani?"

"Lile lile lililokuleta. Utaanzia buchani. Utasimama mbele ya mke wa fundi baiskeli, ununue nyama. Ukitoka hapo unakuja dukani kwangu unakohoa. Wageni wakikaribia upande huu, unapita mlango wa nyuma unarudi hapa mbio, na sisi tunakuwa wateja wako."

"Dada, mimi sina kikohozi. Na nyama ya nini, hata mkaa sina."

"Nyama unairudisha. Ni hiyo hiyo moja, wote tunanunua hiyo hiyo."

Nilimtazama. Akanitazama. Taratibu kichwa changu kikaanza kufanya kazi ambayo kingepaswa kuifanya kabla ya kuhama.

"Kwa hiyo siku ile niliyokuja..."

"Nilikuwa kwenye kiti hicho hapo, nasukwa. Ukaniuliza kama fundi ana mkono mwepesi. Nikakwambia ni mwepesi mno, hata usingizi unakuja."

Nilimrukia kwa maneno. Yale ninayoweza kuyaandika gazetini ni machache, na hata hayo mhariri atayapunguza. Nilimwita mwizi, nilimwita mchawi, nilimtaja mpaka aliyemzaa. Alinisikiliza akiwa ameegemea mlango, akasubiri mpaka pumzi zikaniishia.

"Umemaliza?" aliuliza. "Mimi nilitukana kuliko wewe. Na dirisha nilivunja. Sasa nisikilize vizuri. Mkataba wako hauvunjiki. Unatoka hapa siku anapopatikana mwingine wa kuingia mahali pako. Bila hivyo unaondoka mikono mitupu, na vifaa vyako vinabaki. Kwa hiyo tunajazana. Basi likija, Bwana Neema, yule dalali, anachagua duka la kuuza siku hiyo, na sisi wote tunalijaza. Ukikataa kuwa mteja wa wenzako, siku yako ikifika utakaa peke yako na rola zako. Hiyo ndiyo sheria ya hapa."

"Na hao tunaowadanganya? Hao si watu?"

"Kwani wewe siku ile hukuwa mtu?" Akageuka kwenda zake. "Njoo na kikapu. Kikapu kinasaidia sana."

Mchana nikamweleza mume wangu. Nilitegemea atapandwa na hasira, ateremke mpaka kwa dalali akamshike shati. Alikuwa anakula, akaendelea kula.

"Tufanye tu," alisema.

"Ulikuwa unajua?"

"Mwenye bucha aliniambia wiki ile ya kwanza. Mimi wamenipa ngazi."

"Ngazi ya nini?"

"Niwe juu ya ile nyumba ya kona, nafunga nyaya. Ili wageni waone ujenzi unaendelea."

Nyumba ya kona haijawahi kuuona umeme. Nguzo ya mwisho imeishia huku safuni, karibu na mtaro. Mume wangu, fundi wa kweli, mwenye mikono iliyowasha taa za nusu ya mji tuliotoka, alikuwa amekubali kupanda ngazi kufunga nyaya zisizotoka popote wala kwenda popote. Na mimi niliyemcheka, kesho yake nilikuwa wa kwanza kwenye foleni ya bucha, kikapu mkononi.

Ndiyo, nilikwenda. Tukaneni.

Basi lilifika jua likiwa limeshakolea. Alitangulia kushuka Bwana Neema mwenyewe, dalali wa eneo, suti ya kijivu na kipaza sauti mkononi. Jina hilo tumempa sisi, kwa sababu hawezi kumaliza sentensi bila kulitia neno hilo.

"Vuteni hewa, ndugu zangu!" alipaza sauti. "Vuteni hewa, hii ni neema, haitozwi kodi! Tazameni upana wa barabara. Huko mlikotoka mnakanyagana, hapa hata ukinyoosha mikono yote humgusi mtu!"

Hapo hakudanganya. Humgusi mtu kwa sababu hayupo.

Siku ya basi hata mabomba hutoa maji. Huletwa na lori alfajiri, yakamiminwa kwenye tangi la juu, na wageni wakifungua wanakuta yanatiririka. Mmoja wao alikunywa kwa kiganja akasema ni matamu kuliko ya kwao. Nilitamani kumnong'oneza ajaze na chupa.

Nilinunua nyama. Nikaipitisha nyuma, ikarudi mezani, akainunua mke wa fundi baiskeli. Kisha nikaenda kukohoa kwa Nesi. Nilikohoa vizuri, hata mgeni mmoja akanipa pole. Nesi akateremsha boksi la dawa kutoka rafu ya juu akanitilia kikapuni. Lilikuwa jepesi kama halipo. Nikalitikisa kidogo, halikutoa hata sauti. Nikainua macho kutazama rafu zile, maboksi yamepangwa mstari kwa mstari, ya buluu na meupe, yote yametazama mbele kama watoto paredini, na nikaelewa kuwa yote ni hivyo hivyo.

"Kohoa ukiwa unatoka," Nesi alininong'oneza. "Na uharakishe. Bwana Neema amesema leo ni siku ya saluni."

"Ya kwangu? Mimi si ndiye wa mwisho kuja?"

"Nami nashangaa." Sauti yake ilikuwa na sumu. Alikuwa amesubiri siku yake muda mrefu kuliko sisi wote. "Kuna mgeni anaulizia saluni tangu alipopanda basi. Una bahati yako."

Moyo ulinidunda kwa furaha mpaka nikasahau kukohoa. Niliruka mlango wa nyuma, nikafunga aproni, na walipokaribia saluni yangu ilikuwa imejaa pomoni. Nesi alikuwa ameshawahi, yuko chini ya draya na rola kichwani. Mke wa fundi baiskeli kichwa chake kiko kwenye beseni. Maskini yule dada, yeye ndiye huoshwa kila siku ya basi, mara saluni ikitangazwa, mara sabuni ya duka la jirani ikijaribiwa, mpaka nywele za mbele zimeanza kumtoka. Na kwenye benchi alikaa mwenye bucha, anasubiri mkewe amalize kusukwa. Hana mke.

Mlango ukafunguliwa. Nikageuka na tabasamu langu la kupokelea wageni.

Alikuwa wifi yangu.

Kwa wasiomjua, huyu ni dada mkubwa wa mume wangu, na tangu siku ya harusi amenihesabu kuwa mimi ni hasara iliyoipata familia yao. Kwake mimi sina jina, mimi ni mwosha vichwa. Alipata kusema mbele za watu kwamba mdogo wake angeoa hata mwendawazimu angalau angemchekesha. Tuliagana kwa ubaya siku ya kuhama, akasema hatutafika mbali.

Alisimama mlangoni, mkoba begani, akazungusha macho polepole. Beseni, draya, benchi. Akabenua midomo.

"Kumbe ni kweli," alisema. "Mwosha vichwa amepata vichwa."

"Karibu, wifi."

"Hawa wote wako?"

"Leo ni wachache," nikasema, huku nasugua kichwa cha mke wa fundi baiskeli kwa madaha. "Ungekuja mwisho wa wiki."

"Mimi hufunga duka kumfuata huyu," Nesi akadakia kutoka chini ya draya. "Mkono wake mwepesi mno, hata usingizi unakuja."

Wifi alimeza mate. Nilimwona kwa macho yangu akimeza mate. Wivu ulimpanda usoni kama joto la jiko, na mimi, Mungu anisamehe, sijawahi kufurahi kama nilivyofurahi dakika ile.

Bwana Neema akajipenyeza kati yetu. "Mama, ulikuwa unaulizia saluni. Mwenyewe ndiye huyu, na kwa neema anaweza kufikiriwa kuachia."

"Nakitaka chumba hiki," wifi alisema. "Hiki hiki, na viti vyake, na hawa wateja. Huyu ataondoka lini?"

Aliuliza kana kwamba mimi ni kabati la kuhamishwa. Na hapo hapo niliona yote yakijipanga mbele yangu. Yeye ndani, mimi nje. Yeye akae kwenye kile kiti atazame barabara pana mpaka macho yamuume. Yeye aamkie bomba linalokoroma. Sikuhitaji kumsukuma, alikuwa anakimbilia shimo mwenyewe, viatu mkononi.

"Ni vigumu kuachia," nikasema, nikainamisha kichwa kwa huzuni. "Lakini wewe ni ndugu."

Mwenye bucha alikohoa kuficha kicheko.

"Usinijazie undugu," wifi alisema. "Nionyeshe chumba cha nyuma. Kinaenea kitanda cha Mama?"

Mikono yangu ikasimama kichwani mwa mteja. "Mama yupi?"

"Nina mama wangapi? Yuko kwenye basi, miguu imevimba kwa safari. Nyumba yake tumeshaiuza, aliyenunua ameingia jana. Mimi nitafanya biashara, yeye apate hii hewa safi mnayoisifia."

Mama mkwe wangu ndiye mtu pekee upande ule aliyewahi kuniita mwanangu. Nilipolazwa mwaka ule wa homa, wifi alisema najidekeza. Mama alikuja na mkeka akalala chini ya kitanda changu. Ana presha ya siku nyingi. Kila asubuhi lazima ameze kidonge chake, na siku alizokosa tulimkuta chini jikoni, mdomo umepinda, hawezi kutaja hata jina la mwanawe.

"Na dawa zake za presha," wifi aliendelea, akimgeukia Nesi. "Nimeambiwa wewe ndiye mwenye duka la dawa. Zipo?"

Nesi hakupepesa jicho. "Tele," alisema. "Hata pa kuziweka hatuna."

Nikazima draya.

"Wifi," nikasema, "toka hapa. Rudi kwenye basi, mrudishe Mama. Hakuna dawa, na mteja hakuna hata mmoja. Huyu ana bucha, hana mke. Huyu huoshwa nywele kwa zamu. Nyama iliyoko buchani ni moja, imenunuliwa tangu asubuhi na watu wale wale. Maji yameletwa na lori. Tumewadanganya, na mimi nilidanganywa hivi hivi kwenye chumba hiki hiki."

Maji ya sabuni yalikuwa yanamchuruzika mke wa fundi baiskeli shingoni, naye hathubutu kujifuta.

Wifi akacheka. Akacheka mpaka akashika mlango.

"Nilijua tu," alisema. "Umeona nakuja kufanikiwa, roho imekuuma. Dakika hii hii ulikuwa unasema leo ni wachache, sasa hakuna mteja! Tangu lini wewe ukanitakia mema?"

Na hilo, wasomaji, ndilo lililonimaliza. Alikuwa sahihi. Sijawahi kumtakia mema, naye anajua.

Nilimshika mkono nikamvuta nje, nikamwingiza duka la dawa, nikapangua maboksi kutoka rafuni na kuyafungua mbele yake. Tupu. La pili tupu. Nikayamwaga chini yote.

"Hayo ni ya kuonyesha," Nesi alisema nyuma yetu kwa upole, rola zake zimemkaa kichwani. "Dawa yenyewe haiwekwi kwenye jua. Kila mfamasia anajua hivyo."

"Fungua stoo basi!"

"Stoo haifunguliwi kwa makelele."

Watu wa safu walikuwa wameshatuzunguka. Nilitazama nyuso zao nikitafuta hata mmoja wa kuniunga mkono.

"Huyu mwenyewe amekuja juzi tu," alisema mwenye bucha. "Hata akili yake hatujaijua."

"Anatuharibia eneo letu," akasema mke wa fundi baiskeli, povu bado liko kichwani. Eneo letu! Nilitamani kumrudisha kwenye beseni.

Bwana Neema akaweka mkono begani kwa wifi. "Wivu wa ndugu, mama. Neema yake ni kuusamehe."

"Nilishaonywa," wifi akajibu. "Mume wake mwenyewe aliniambia, ukifika atakwambia pabaya, usimsikilize, hataki kukuachia."

Nilidhani nimesikia vibaya. "Nani aliyekwambia?"

"Mumeo. Kwani unadhani nani kaniita hapa? Redio?"

Sijui nilifikaje kwenye nyumba ya kona. Nilijikuta tu chini ya ngazi, nimeishika kwa mikono yote miwili. Mume wangu alikuwa juu, waya mdomoni, anajifanya anapima.

"Shuka."

"Siyo sasa, wageni wanatazama."

"Shuka kabla sijaivuta hii ngazi."

Akashuka. Hakunitazama. Alisimama akifuta mikono ambayo haikuwa na uchafu.

"Umemwita dada yako kwenye hili shimo?" nikamuuliza. "Umemleta na Mama? Nyumba ya Mama imeuzwa kwa ajili ya hiki?"

"Sikumwita dada, yeye alinipigia kuuliza tu, nikamwonya asikusikilize. Nilimpigia Mama."

"Ukamwambia nini?"

"Nikamwambia kila kitu." Akaendelea kufuta mikono. "Mama anajua. Kamuulize mwenyewe."

Basi lilikuwa limeegeshwa mwisho wa safu, injini inanguruma. Mama alikuwa kiti cha dirishani, amekunja mikono mapajani, miguu imevimba mpaka ndara hazimwenei. Aliponiona uso wake ulichangamka.

"Mwanangu! Mbona umekonda hivi?"

"Mama, rudi. Nakuomba rudi. Hapa hapafai hata kwa mbuzi."

"Najua." Alilitamka bila haraka. "Mume wako alinipigia simu analia. Huyo hajalia tangu tumzike baba yake. Akaniambia hamtoki mpaka aingie mwingine. Nikakaa nikawaza, huyo mwingine ni nani asiyekuwa na mama yake? Basi nikaona bora niwe mimi."

"Na wifi je? Anajua?"

"Angejua angekuja? Nilimwambia ndugu yako amebahatika, mfuate. Akataka yeye mwenyewe kuuza nyumba." Akavuta pumzi. "Usinitazame hivyo. Yeye ana mdomo. Atamuuzia mtu mwingine chumba hicho kabla hajazoea kitanda. Nyinyi hamna mdomo, nyinyi mtaozea hapa."

Nilikuja kumwokoa, kumbe ndiye aliyekuwa ananiokoa mimi, tena kwa kumtosa binti yake wa kumzaa. Nilimpenda, na nilimchukia, yote kwa pamoja.

"Dawa zako, Mama."

"Nimekuja nazo kidogo."

"Zikiisha?"

Akatazama barabara, ile pana, isiyo na mtu. "Wewe panda basi, mwanangu. Mizigo yenu ataifuatilia mumeo baadaye."

"Sipandi. Nami mkataba sitautilia mkono. Bila mimi hakuna atakayeingia wala atakayetoka, na leo hii tunarudi wote."

"Turudi wapi?" aliuliza Mama. "Nyumba ina wenyewe sasa."

Nyuma yangu nikasikia sauti ya Bwana Neema ikisema, "Hapo, na hapo tena. Ahsante." Nikageuka. Mume wangu alikuwa ameinama kwenye ngazi ya basi, karatasi zimewekwa gotini, kalamu mkononi. Wifi yuko kando yake, ameshamaliza.

"Unafanya nini? Sijakubali!"

"Mkataba una jina langu," alisema. "Lako halimo."

Kweli halimo. Siku ile ya kwanza dalali aliuliza aandike nani, mimi nikasema mwandike mume wangu. Nilisema kwa fahari kabisa, kidole kimemwelekea, saluni ikiwa ni yangu na vifaa ni vyangu.

Dereva akapiga honi. Wageni wengine walikuwa wameshapanda, wengine wakibishana na wake zao kama warudi au waanze maisha hapa. Mama alikuwa anajikokota kushuka, kidato kwa kidato. Nikamkimbilia. Aliniegemea begani kwa uzito wake wote, nikapokea na mabunda yake mawili.

"Panda," mume wangu aliniambia. Alikuwa ameshasimama ndani ya mlango, ameninyooshea mkono. "Haraka, basi linaondoka."

"Mama yako anashuka, wewe unapanda?"

"Ni yeye aliyetaka. Twende, tutajipanga huko, tutarudi kumchukua."

"Lini?"

Mkono wake ulikuwa bado umenyooshwa. Mikono yangu ilikuwa imejaa, bunda huku na bunda huku, na Mama kanielemea begani. Angeshuka hatua moja tu angenifikia. Hakushuka.

"Nenda naye," Mama alininong'oneza. "Nenda, mimi nitakaa chini hapa."

"Ukianguka nani atakuokota?"

Mlango ukafungwa. Nilimwona akisogea kwenye kiti kile kile cha dirishani alichokuwa amekaa mama yake, akainamisha uso. Basi likageuza taratibu, likashika barabara, vumbi likatufunika sote. Mama alikuwa anapunga mkono. Nilitaka kuushika niushushe, nikashindwa.

Tulitembea mpaka saluni, tukisimama kila anapochoka. Wifi alikuwa ametangulia. Tulimkuta mlangoni, ufunguo wangu ameshautia kwenye kidole anauzungusha, amejaa furaha ya mtu aliyepata. Nyuma yake safu ilikuwa inafungwa mlango mmoja mmoja. Mwenye bucha alikuwa anaingiza meza ndani. Nesi alipita na rola zake mkononi bila kutusalimu. Wifi alikuwa bado hajageuka kuona.

"Mama, chumba chako kile cha nyuma," alisema. "Ingia ukapumzike, kesho nitaanza kazi mapema, wateja wasinisubiri."

Mama aliingia. Nami nikainua mguu kumfuata, mabunda mkononi.

Wifi akanyoosha mkono akashika kizingiti, akanizibia njia.

"Chumba sasa ni changu," alisema. "Mume kaondoka. Wewe utakaa hapa kama nani?"